Waya Uliomaliza Mvumo

Molo,
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Mburu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Tulifika shuleni salama, ingawa mvua ilitupata langoni na sanduku langu likaingia maji. Vitabu havikulowa kwa sababu nilikuwa nimevifunga kwa nailoni kama Anti Jackie alivyonishauri. Mwambie asante. Mama aliniandikia juzi kutoka Karagita, kule Naivasha. Anasema kazi ya maua ipo, ila wamemhamisha kutoka kwenye waridi na sasa anafunga maboksi. Anakusalimu na anauliza kama umepunguza chumvi.

Masomo yanaenda vizuri. Katika fizikia tumeanza sura ya umeme, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Naomba usinione mjuaji.

Nilipokuwa kwenu mtaani Section 58 wakati wa likizo, ulinieleza kuhusu ule waya wa stima anaouza Lewis mjini, wa kutoka kwenye amplifaya hadi soketi ya ukutani. Ulisema ni mnene kama mpira wa kunyunyizia maji na kwamba utasafisha sauti. Sikusema kitu. Kulikuwa na wageni, na pia wewe ndiye unayejua muziki katika familia yetu. Lakini nimekuwa nikiwaza tangu siku hiyo. Stima inayofika kwako imetoka mbali, labda kwenye mitambo ya Olkaria. Imepita kwenye nyaya za kawaida juu ya nguzo, ikapita kwenye mita, halafu ndani ya ukuta kwa waya ambao mwenye nyumba alichagua kwa sababu ulikuwa rahisi. Sielewi jinsi mita mbili za mwisho zinavyoweza kurekebisha kilichotokea katika kilomita zote hizo. Isitoshe, amplifaya yenyewe huibadilisha stima hiyo ndani yake kabla ya kuitumia.

Sisemi kwamba waya haufanyi kazi. Nasema kwamba sijui, na nadhani hata wewe hujui bado. Ipo njia ya kujua. Anti Jackie abadilishe nyaya nyuma ya pazia bila kukuambia ameweka upi, nawe useme ni upi kwa kusikia tu. Afanye hivyo mara nyingi, kwa maana mara moja mtu anaweza kubahatisha. Tafadhali fanya hivyo kabla ya kununua. Kama Lewis atakataa kukuazima waya, hilo pia litakuwa jibu.

Nimeandika kwa heshima.

Mpwa wako,
Nyakio


Nakuru,
11 Septemba 2025

Kwa Nyakio, mwenye jina la mama yangu,

Barua yako nimeikuta kwenye sanduku la posta jana. Niliisoma nikiwa nimesimama, na kwa kweli nilihisi mama amerudi kunigombeza. Yeye pia alikuwa hivyo hivyo. Anakusalimu, anakueleza habari za mvua, na ukishatulia ndipo anakuchapa.

Sisi ni wazima. Duka la vipuri linajikokota. Watu siku hizi wanatengeneza pikipiki kwa waya wa kufungia nyasi badala ya kununua kipuri. Anti yako amejiunga na darasa la ubatizo, baada ya miaka yote ile ya kusema ataingia mwaka ujao. Chumvi sijapunguza, na mama yako asijue.

Sasa tuje kwa waya. Lewis hakukataa. Aliniambia, "Nenda nao boss, wewe ndiye utakayeurudisha ukilia." Na jaribio lako tumelifanya. Jackie alitundika shuka mbele ya mitambo, akanikalisha kwenye kochi, akanifunga leso machoni. Niliweka kwaya ile ninayoijua hadi pumzi za waimbaji. Kila mara alizima, akabadilisha au akajifanya anabadilisha, kisha akawasha.

"Huu ni upi?"

"Wa zamani."

"Na huu?"

"Wa Lewis."

"Unachungulia, wewe!"

"Jackie, nitachungulia na nini? Umenifunga mpaka pua."

"Basi mbona unapatia?"

Alijaribu kunidanganya kwa kila njia. Alirudisha waya ule ule mara kadhaa mfululizo. Aligonga ukuta nidhani anachomoa plagi. Sikukosa hata mara moja. Mwishowe aliketi sakafuni akasema, "Mburu, una masikio ya popo."

Ule mvumo uliokuwa kwenye spika zangu tangu nilipoleta spika ya besi, ule wa chini chini ambao wewe mwenyewe uliulalamikia ulipokuwa ukisoma sebuleni, haupo. Nikiweka waya wa Lewis, unanyamaza kabisa. Nikirudisha wa zamani, unaanza tena. Hata Jackie anausikia, na yeye hajawahi kujali mambo haya.

Kwa hivyo nimenunua. Bei usiniulize. Halafu Anti yako akikuuliza kama nilikutajia, utamwambia hapana, na hutakuwa umedanganya.

Sasa vitabu vyako vinasemaje?

Mjomba wako,
Mburu


Molo,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba,

Nimefurahi kusikia kwamba nyote ni wazima. Nimefurahi pia kuhusu Anti Jackie na darasa la ubatizo. Huku wasichana wengi wana mafua, lakini mimi sina.

Nimekosea. Nilikuwa na hakika kwamba hutaweza kutofautisha, nami nilimwambia hivyo Jemutai, tunayekaa naye dawati moja. Nilipomsomea barua yako alicheka hadi mwalimu wa zamu akaingia. Jaribio lilikuwa halali, na lazima nikubali matokeo yake hata kama sikuyapenda. Una haki ya kunicheka na wewe.

Lakini sasa nina shida nyingine. Kama tofauti ipo, lazima iwe na sababu, na mimi siioni. Nilitaka kumwuliza Mwalimu Chepchirchir, anayetufundisha fizikia, ila yeye hutembea haraka na mimi huchelewa kuanza kusema, kwa hivyo ilinichukua siku kadhaa. Hatimaye nilimkuta akisubiri chai na hakuwa na pa kwenda. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema, "Usiniulize kwa nini. Niambie kwanza ni nini hasa kilichobadilika."

Kwa hivyo nakuuliza wewe. Je, waya umebadilisha muziki wenyewe, yaani sauti za waimbaji na vyombo, au umeondoa mvumo tu? Na je, ukirudisha waya wa zamani kisha uchomoe spika ya besi kabisa, mvumo unabaki au unaisha? Ulisema ulianza siku ulipoleta besi, na nimekuwa nikilifikiria jambo hilo.

Naomba usinunue waya mwingine hadi tujue. Mwalimu aliuliza pia kama plagi ya waya huo ina meno matatu kama kawaida. Nilimwambia nadhani ndiyo, maana usingeingia kwenye soketi.

Mpwa wako,
Nyakio


Nakuru,
30 Septemba 2025

Kwa Nyakio wangu,

Nimechelewa kujibu, usinune. Kumekuwa na mambo mengi na mengi yake ni mazuri.

Maswali yako nimeyajibu. Muziki ni ule ule, lakini mvumo ukitoka muziki unakaribia, utadhani mtu amevua viatu akaingia ndani. Nilipochomoa besi na kurudisha waya wa zamani, mvumo ulikwisha pia. Umefurahi? Ila sasa nani atakaa chini kusikiliza kwaya isiyo na besi? Na ndiyo, plagi ina meno matatu, manene, yanayong'aa. Mwambie mwalimu wako Lewis hauzi takataka.

Waya wa pili nilikuwa nimeshanunua kabla barua yako haijafika. Huo nimeuweka kwenye spika ya besi, ili zote mbili zilingane. Sasa kimya kinachotoka pale hujawahi kukisikia. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vyako havitakuambia. Ukipitisha mkono juu ya chuma cha amplifaya, unaihisi. Inatekenya vidole, polepole, kama kumpapasa paka anayekoroma. Zamani ilikuwa chuma tu. Lewis anasema hiyo ndiyo stima safi ikifika yote bila kupotea njiani.

Wazee wa kanisa walikuja nyumbani kusikia. Mzee Ndegwa aliweka sikio kwenye kitambaa cha spika, akasubiri, akauliza, "Kwani imezimwa?" Nikamwambia, "Subiri," nikaweka wimbo. Aliruka! Basi wamekubali, na kanisa letu sasa lina nyaya za Lewis, kwenye mikseri na amplifaya zote. Mvumo uliokuwa ukishindana na mhubiri umekwisha. Watu wananipa mkono mlangoni kana kwamba nimehubiri mimi. Kuna malalamiko madogo tu ya wanakwaya kwamba maikrofoni zinawauma midomoni wakizisogeza karibu. Nimezivalisha sponji, zimeacha.

Ubatizo utakuwa Jumapili tarehe kumi na tisa Oktoba. Lile tangi la vigae chini ya mimbari limekamilika, maji yanafika kifuani. Mchungaji ataingia na maikrofoni ili kila mmoja asikike akitoa ushuhuda wake kabla ya kuzamishwa. Wageni watatoka hadi Njoro. Anti yako ni wa tatu kwenye mstari.

Anakusalimu sana. Mkono wake unaendelea vizuri.

Mjomba wako,
Mburu

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine)

Nyakio, huyu hajakueleza habari za mkono. Nilikuwa napiga deki sebuleni, nikapangusa hiyo mashine yake kwa kitambaa kibichi. Ikaniuma, nikarusha mkono, ukagonga kioo cha meza. Nimeshonwa. Yeye anasema niliishika vibaya. Sasa wewe msomi niambie, mashine inashikwaje vizuri? Soma, mama, usikonde. J.


Molo,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba,

Natumaini mko wazima, na kwamba mkono wa Anti Jackie unapona. Mimi ni mzima. Mama ni mzima. Salamu nimezifupisha, unisamehe.

Nadhani nimeelewa kilichotokea. Naomba usome yote kabla ya kukasirika.

Plagi ina meno matatu. Mawili ndiyo yanayobeba stima. La tatu, lile refu, ni la ardhi. Ndani ya waya huwa limeungana na waya mdogo wa kijani na manjano, unaofika hadi kwenye chuma cha mashine. Mambo yakiwa sawa huo hauna kazi yoyote. Lakini stima ikivuja ndani na kugusa chuma, huipeleka ardhini, fyuzi inakatika, na hakuna anayeumia.

Amplifaya yako na spika ya besi zote zilikuwa na waya wa ardhi, na tena zimeunganishwa zenyewe kwa waya wa sauti. Hapo panakuwa na duara, na mvumo ulikuwa ukizunguka ndani ya duara hilo. Ukilikata mahali popote, mvumo unaisha. Ulipochomoa besi, ulilikata. Waya wa Lewis nao ulilikata. Ungeweza kulikata tu kama ndani yake waya wa ardhi haujaungana. Jino lipo kwenye plagi, lakini nadhani haliendi popote.

Kwa hivyo masikio yako hayakukudanganya, Mjomba. Ulisikia kitu cha kweli. Wa kwanza haukuleta madhara kwa sababu amplifaya ilikuwa bado inapata ardhi kupitia kwa besi. Ulipoweka wa pili, hakuna iliyobaki na ardhi. Hiyo ndiyo inayokutekenya vidole. Ni stima iliyopanda kwenye chuma na haina pa kwenda. Ndiyo iliyomuuma Anti. Ndiyo inayowauma wanakwaya, na sponji haiiondoi, inawazuia tu kuihisi.

Kinachotekenya ni kidogo na hakiui. Lakini siku kitu kikikatika ndani ya mikseri au amplifaya, stima yote itafika kwenye maikrofoni, na hakutakuwa na kitu cha kuizuia isipokuwa mtu aliyeishika. Mtu huyo atakuwa amesimama ndani ya maji, na Anti Jackie atakuwa kando yake.

Nilimwonyesha Mwalimu Chepchirchir barua yako. Alisema hawezi kuwa na hakika bila kupima, na mimi pia siwezi. Kupima ni rahisi. Fundi yeyote wa stima ana kipimo. Aguse jino refu upande mmoja na tundu la katikati kwenye ncha ya pili ya waya. Kikilia, waya umeungana na nimekosea mara ya pili, na nitafurahi sana. Kisipolia, naomba nyaya hizo zitolewe, na maikrofoni isikaribie maji.

Tafadhali nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mpwa wako,
Nyakio


Molo,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ile ya tarehe tano haijapata jibu, na ubatizo ni Jumapili ijayo.

Kuhusu simu ya Jumatano. Unajua haturuhusiwi simu. Ilibidi niombe ya Mwalimu Chepchirchir, naye akanipa palepale kwenye chumba cha walimu, wote wakiwepo wakisahihisha. Nilikuwa nimeandika kwenye kiganja mambo ya kusema. Sikuyasema. Nimeandika hapa yale tuliyosema, ili kama hukunisikia vizuri, uone.

"Mjomba, ni Nyakio."

"Nyakio gani? Ah, mama! Uko mgonjwa?"

"Hapana. Ulipata barua yangu?"

"Boss, hiyo cheni si ya pikipiki ya Boxer, jaribu hii nyingine. Barua? Niliipata."

"Ulipima?"

"Niko na wateja hapa."

"Mjomba, ile Jumapili…"

"Haya, haya. Nimesikia. Soma kwa bidii. Salimia walimu."

Mwalimu aliniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia umesema nimsalimie. Walimu wengine walicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nilikuwa nimemaliza, nami nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nimemaliza.

Nilitaka kusema kwamba sijali nani alikuwa sahihi kuhusu waya. Mwanzoni nilijali. Sasa ningefurahi ukiniambia mbele ya watu wote kwamba sijui chochote, mradi umepima.

Barua hii haipiti posta. Jemutai anakwenda Nakuru kesho kwa daktari wa meno, na babake atakuletea dukani. Nimempa pia barua ya pili, ya Anti Jackie. Nimemwandikia kila kitu nilichokuandikia wewe. Nimemwomba Jemutai amwambie babake aipeleke nyumbani Ijumaa jioni, si kabla. Sipendi kukuzunguka, na najua si adabu mtoto kumwandikia mke wa mjomba wake habari kama hizi. Nakwambia mapema ili uwe na siku hizo za kumwambia wewe mwenyewe, ikiwa utaona inafaa. Ukiona haifai, atasoma Ijumaa.

Nisamehe kwa lolote nililokosea katika kusema. Katika kupima, sidhani nimekosea.

Mpwa wako,
Nyakio


Nakuru,
21 Oktoba 2025

Kwa Nyakio,

Hatujambo. Mvua imetuacha kidogo. Barua hii nampa babake Jemutai anapokuja kuwachukua, maana kwa posta ingefika mmeshafunga shule. Mama yako amepiga simu kusema atakungoja stendi ya Naivasha.

Barua yako ya tarehe tano niliisoma siku ileile ilipofika. Niliiweka kwenye droo ya dukani, chini ya risiti. Ya Jumatatu niliisoma nikaiweka hapo hapo. Kisha nikafunga duka mapema, jambo ambalo mimi hulifanya kukiwa na matanga tu.

Sikumwita fundi kwanza. Nilichukua ule waya wangu wa pili na kisu cha jikoni nikaupasua. Chini ya ile nyavu nyeusi kuna mpira, chini ya mpira kuna nyaya mbili nene kabisa, shaba safi, hapo Lewis hakudanganya. Ule wa kijani na manjano upo pia. Umefika karibu na plagi, ukakatwa, ukakunjwa kurudi nyuma, ukafungwa kwa utepe vizuri sana. Aliyeufunga hakuwa na haraka.

Nilikwenda nao kwa Lewis ukiwa umepasuka hivyo.

"Boss, umeua waya mzuri," akasema.

"Huu umekatwa."

"Mvumo uliisha?"

"Uliisha."

"Si ndicho ulichotaka? Ungeniambia unataka mvumo, ningekuuzia wa kawaida."

Palikuwa na wateja wawili. Wakacheka, na mmoja akauliza huo uliokatwa unauzwaje. Niliondoka. Kuna mengine niliyosema pale, ila hayaandikwi kwa mtoto wa shule.

Kimaiyo, fundi wa stima, alipima nyaya za kanisa Jumatano. Zote ni vilevile. Akapima na soketi za kanisa lenyewe, kwa kuwa alikuwa pale. Nyingine zina ardhi na nyingine hazina, na ile ya mimbarini haina. Alisema hata nikirudisha nyaya za zamani, pale kwenye maji yeye hangemruhusu hata mbuzi ashike maikrofoni, na kwamba marekebisho hayawezi kumalizika kabla ya Jumapili.

Nilikaa na wazee wa kanisa Alhamisi. Mzee Ndegwa aliniuliza, "Si ni wewe Mburu uliyetwambia?"

"Ni mimi."

"Na mvumo uliisha, mimi mwenyewe nilisikia."

"Uliisha."

"Sasa unataka urudi?"

"Nataka siku hiyo tuzime kila kitu. Swichi kubwa yenyewe."

"Na wageni wa Njoro watasikia nini?"

Nikamwambia sijui. Mmoja akasema nimekuwa mwoga, mwingine akasema labda nimegombana na Lewis juu ya mgao wa faida, na hilo lilinichoma, lakini mwishowe walikubali. Hakuna aliyenipa mkono mlangoni.

Jackie nilimwambia usiku huo. Alikuwa akimenya viazi. Nilieleza yote, waya, ardhi, duara, kama ulivyoeleza wewe. Akaendelea kumenya. Aliposema, alisema, "Mimi nilikwambia imeniuma. Ukanionyesha jinsi ya kuishika." Barua yako kwake ililetwa Ijumaa, akaisoma mlangoni, akaikunja, hajanionyesha na sijamwomba.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje madirishani. Nilizima swichi kubwa mwenyewe, nikafunga kisanduku chake na kuingia na ufunguo mfukoni. Mikseri ilikuwa imekaa pale mbele, imefunikwa. Mchungaji aliingia majini mikono mitupu. Yeye ana sauti ya kutosha, wa kwanza na wa pili wakasikika kidogo. Kisha akaingia Jackie, ameinua mkono wake wenye bendeji usilowe. Unaijua sauti yake. Nyumbani inafika hadi kwa majirani, lakini mbele ya watu hunong'ona. Akaanza ushuhuda wake, na hata viti vya katikati havikuambulia neno.

Watu wa nyuma wakaanza kuita, "Sauti! Sauti!" Wageni nao wakadakia. Hawakuwa wakimwambia yeye. Vichwa viligeuka safu kwa safu kunitafuta, maana kila mtu pale anajua mitambo ya sauti ni kazi yangu. Mzee Ndegwa akanionyesha mikseri kwa kidevu. Mimi nilikuwa karibu na tangi, nikimsikia vizuri. Nilibaki nimesimama hapo, mikono mifukoni, nao wakiita, mpaka Jackie akatoka kwenye maji.

Mjomba wako,
Mburu